MAISHA YA WATU WAKUBWA: RACHEL CARSON NA SWALI LA NYUKI



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa tumezoea kuwaletea wafalme, wamisionere na watu wenye kupigania uhuru. Safari hii tunaleta mwanamke Mmarekani ambaye hakuamuru askari hata mmoja, na ambaye kazi yake kubwa aliifanya akiwa amekaa mezani na kalamu. Wengine watauliza: juu ya nini yeye? Tunajibu hivi. Kila mwaka mvua ikianza, karibu kila jamaa hapa Lubumbashi inapanda kitu, kama si shamba basi hata kipande cha kiwanja: mahindi, maboga, kalanga, tomati. Tena tangu yule kiwavi mpya wa mahindi afike Afrika mwaka 2016 na kuenea katika inchi yetu, watu wengi wananunua dawa ya kumwaga. Dawa inaua kiwavi, hatubishi. Lakini nani aliuliza kwanza kama haiui pia wale wadudu wenye kutuletea matunda? Rachel Carson njo aliyefundisha watu kuuliza swali hilo mbele ya dawa kutoka kiwandani.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, karibu na Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Sisi wa Lubumbashi, wenye kuijua cheminée yetu na mlima wetu mweusi wa taka za shaba, tunaweza kuwaza mahali pale bila shida. Baba yake alikuwa na kipande cha shamba lakini feza hazikukaa nyumbani. Mama yake, Maria, alikuwa binti ya mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, tena alikuwa mwalimu mbele ya kuolewa. Huyu mama alikuwa anamchukua mtoto porini na kumwonyesha ndege, maua na wadudu, kila kitu kwa jina lake. Rachel alipokuwa na miaka 11, hadithi yake moja ilichapwa katika gazeti la watoto. Tunasema hivi kwa ajili ya wale wa madarasa ya chini wenye kuona haya kutuletea makala yao.

Alipofika kwenye masomo ya juu alifikiri kuwa mwandishi. Lakini mwalimu mmoja mwanamke, Mary Scott Skinker, alimfundisha biolojia kwa namna iliyomgeuza kabisa, akaacha masomo ya lugha na kufuata biolojia. Watu walimshangaa, maana wakati ule mwanamke mwenye kusoma sayansi hakuwa na hakika ya kupata kazi. Alimaliza mwaka 1929 akiwa na deni la masomo, na mwaka 1932 akapata diplome ya zoolojia katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Alitaka kuendelea mpaka kuwa daktari wa sayansi, lakini jamaa ilikuwa na njaa. Baba yake akafa mwaka 1935. Kisha dada yake akafa mwaka 1937 na kuacha wasichana wawili. Rachel, ambaye hakuolewa, akawa baba na mama wa nyumba nzima.

Alipata kazi kwa Leta, katika ofisi ya mambo ya samaki. Kazi yake ilikuwa kuandika: matangazo ya radio, vitabu vidogo vya kuelezea watu maisha ya baharini. Usiku alikuwa anaandika vitabu vyake mwenyewe. Kile cha mwaka 1951 juu ya bahari kilipendwa sana, kikageuzwa katika lugha nyingi, na mwaka 1952 akaweza kuacha kazi ya ofisi na kuishi kwa kalamu. Hapo angeweza kupumzika na kula jasho lake. Hakupumzika.

Sasa tuseme kidogo juu ya DDT, maana bila hiyo hadithi haieleweki. Mwaka 1939 Paul Müller, mtu wa Uswisi, aligundua kwamba dawa hiyo inaua wadudu vibaya sana. Wakati wa vita ilisaidia kuua chawa wenye kuleta homa, na mwaka 1948 Müller akapewa zawadi ya Nobel. Hapa Congo pia iliingia: mwaka ule ule wa 1948, pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, DDT ilimwagwa kwa ndege ili kumaliza vile vinzi vya mto vyenye kuleta upofu, na vilikwisha kweli. Basi mtu asifikiri kwamba watu wa wakati ule walikuwa wajinga. Walikuwa na furaha. Walipata dawa yenye kuokoa watu, ikiwa bei rahisi, na mara moja wakaanza kuimwaga kila mahali, juu ya mashamba, juu ya miti, juu ya vijiji na miji. Kile ambacho hawakufanya ni kuchunguza kwanza.

Carson aliona hatari mapema. Mwaka 1945 aliomba gazeti moja kubwa limruhusu kuandika juu ya majaribio ya DDT, nalo likakataa. Miaka ikapita. Mwezi wa Januari 1958 rafiki yake Olga Huckins, wa jimbo la Massachusetts, alimwandikia. Ndege ya kuua mbu ilikuwa imepita juu ya nyumba yake na kumwaga DDT, na ndege wa porini waliokuwa wanajenga vioto vyao kwake wakaanguka wakiwa wamekufa. Angalia sasa: mbu walirudi, tena wakali kuliko zamani, lakini panzi na nyuki walitoweka. Ile waliyotaka kuua iliishi, na ile waliyoihitaji ikafa.

Kutoka hapo alifanya kazi miaka mine na zaidi. Alikusanya barua za waganga, za wakulima, za wataalamu wa Leta wenyewe ambao walikuwa wanaogopa kusema kwa sauti. Kati ya habari alizopata, sisi tunashika hasa zile za wafugaji wa nyuki. Katika jimbo la New York, Leta ilikuwa inamwaga dawa ili kuua aina ya kipepeo wa usiku mwenye kula majani ya miti. Mfugaji mmoja alikuwa mtu wa kuamini kila neno la wizara ya kilimo na vyuo vyake. Mwezi wa Mei 1953, baada ya dawa kumwagwa, alipoteza mizinga 800. Tunaomba msome tena hesabu hiyo polepole. Wafugaji wengine 14 wakaungana naye kupeleka Leta kwenye tribinali na kuomba dola 250,000. Mfugaji mwingine, mwenye mizinga 400, alipitiwa na dawa ya mwaka 1957: mahali penye msitu, nyuki wote wenye kutoka kutafuta chakula walikufa, hata mmoja hakubaki, mahali pa mashamba, mpaka nusu yao.

Alieleza pia namna nyuki anavyokufa. Kuko dawa moja inaitwa parathion. Nyuki akiigusa anakuwa kama mwenye wazimu, anataka kupigana na kila kitu, anajipangusa mwili bila kuacha, na ndani ya nusu saa yuko karibu kufa. Tena kuko dawa zenye kuingia ndani ya mmea mzima, kutoka mizizi mpaka ua. Hizo alizitazama kwa hofu zaidi, maana nyuki anaweza kuchukua sumu katika maji matamu ya ua, akaipeleka nyumbani, ikawa asali ya sumu.

Alionyesha jambo lingine ambalo watu hawakulifikiri. Nyuki wa mzinga si peke yake. Kuko nyuki wengi wa porini wenye kuishi peke yao udongoni na pembeni ya mashamba, na chakula chao ni maua ya yale majani tunayoyaita mabaya. Ukimwaga dawa ya kuua majani pembeni ya barabara, hukumgusa nyuki hata kidogo, lakini umemnyima chakula. Kisha mti wa matunda unatoa maua mengi, mazuri, na matunda hayaji.

Kitabu kilianza kutoka katika gazeti la The New Yorker mwezi wa Juni 1962, kisha chote kikatoka tarehe 27 Septemba 1962. Jina lake ni Silent Spring, na katika Kifaransa kinaitwa Printemps silencieux, maana yake ni ile majira ambayo kwao maua yanafunguka, lakini ndege na nyuki hawasikiki. Alimtolea kitabu hicho Albert Schweitzer. Hapa Waprotestanti wengi watainua kichwa, maana Schweitzer tunamjua: ni yule munganga na mchungaji aliyejenga hopitali pale Lambaréné, Gabon, tangu mwaka 1913. Lakini si wengi wenye kujua kwamba maneno ya Schweitzer ambayo Carson aliyaweka mbele ya kitabu yalitoka katika barua kwa mfugaji wa nyuki wa Ufaransa, ambaye nyuki wake waliuawa na dawa za mashamba. Mzee wa Lambaréné, katikati ya wagonjwa wake, alipata wakati wa kulia nyuki za mtu.

Sasa tufike penye kiini. Carson hakusema dawa zote zikatazwe. Watu wengi wanamsingizia hivyo mpaka leo, na ni vizuri mjue. Alisema kwamba sumu kali zimetiwa mikononi mwa watu wasiojua nguvu yake, na kwamba hakuna aliyechunguza kwanza zitafanya nini katika udongo, maji, wanyama na mtu mwenyewe. Wakati ule mwenye kiwanda alitakiwa kuonyesha kwamba dawa inaua mdudu anayetajwa, na yale mengine yalikuwa shauri la baadaye. Mfugaji ambaye mizinga yake imekufa, yeye njo alipaswa kutafuta ushahidi, kulipa wakili na kusimama mbele ya tribinali na makopo ya nyuki wafu. Carson aligeuza kiti. Mwenye kuleta sumu aonyeshe kwanza.

Viwanda vilikasirika. Kimoja kilitisha kupeleka wachapishaji wa kitabu kwenye tribinali. Kingine, Monsanto, kiliandika hadithi ya kumcheka, juu ya inchi isiyo na dawa na yenye kuliwa na wadudu. Mtaalamu mmoja wa kiwanda alipita katika radio na televisheni akitangaza kwamba tukimfuata mwanamke huyu tutarudi gizani, na wadudu na magonjwa vitatawala dunia. Wengine walisema ni mwanamke tu, tena bila mume, ana mapenzi ya ndege na paka, sayansi aiache kwa wanaume. Sisi tunaona kwamba mtu akianza kukutukana juu ya mambo ya nyumba yako, pengine amekosa jibu juu ya hesabu zako.

Kuko jambo ambalo wale watu hawakulijua. Huyu mama alikuwa anakufa. Mwaka 1960 alipasuliwa kwa ajili ya kansa ya ziwa, na munganga wake wa kwanza hakumwambia ukweli wote. Aliandika sura za mwisho akiwa na maumivu, mara nyingine macho hayaoni vizuri, mara nyingine hawezi kutembea. Tena nyumbani alikuwa na kijana wa kulea, mtoto wa binti ya dada yake, ambaye alibaki yatima mwaka 1957 akiwa na miaka 5. Ugonjwa aliuficha. Aliogopa kwamba wakijua, watasema aliandika kwa uchungu wa kansa yake, na ushahidi wote utatupwa. Alivaa nywele za bandia, akapita katika televisheni mwezi wa Aprili 1963, akajibu kwa sauti ya polepole, na watu wengi waliotazama waliona nani alikuwa anapiga kelele na nani alikuwa anasema mambo.

Presida Kennedy alikuwa ameomba wataalamu wake wachunguze jambo hilo. Ripoti yao ilitoka tarehe 15 Mei 1963 na ilimpa Carson haki katika mambo makubwa. Mwezi wa Juni alisimama mbele ya wasenateri. Tarehe 14 Aprili 1964 alikufa, nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland, akiwa na miaka 56. Hakuona matunda. Ofisi kubwa ya kulinda mazingira ya Marekani ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 DDT ikakatazwa kule katika mashamba. Kwa kupigana na malaria, mapatano ya dunia yaliyofanywa Stockholm mwaka 2001 yanaacha nafasi ya kuitumia ndani ya nyumba pale inapohitajika, na hilo halipingani na yale aliyoyaandika.

Swali lake leo limekuwa kazi yenye kanuni. Tulimwomba mwalimu wa biolojia atueleze, nasi tunafupisha. Kwanza katika labo wanatia tone la dawa mgongoni mwa nyuki, na wengine wanawalisha katika maji ya sukari, wanahesabu wangapi wamekufa baada ya siku mbili, mpaka wajue kipimo chenye kuua nusu ya nyuki. Kisha wanauliza: katika shamba la kweli nyuki atakutana na sumu kiasi gani? Mmea huo unatoa maua lini, dawa inamwagwa saa gani, inabaki siku ngapi katika unga wa maua, ule ambao vitabu vya Kiswahili vinauita chavua? Sumu kali ambayo nyuki hakutani nayo inaweza kuwa na hatari ndogo, na sumu ndogo ambayo anaila kila siku inaweza kuwa na hatari kubwa. Wakiona hesabu hizo mbili zinakaribiana, wanaenda mbele: wanaweka mizinga ndani ya hema ya wavu pamoja na maua yaliyomwagiwa, tena baadaye katika shamba wazi, na wanatazama hata watoto wa nyuki. Mwishoni Leta inakataa, au inaruhusu kwa masharti. Njo vile Umoja wa Ulaya, mwaka 2018, ulikataza dawa tatu za jamii inayoitwa neonikotinoidi zisitumiwe tena inje katika mashamba, baada ya wachunguzi wake kuona hatari kwa nyuki. Upungufu mmoja tunausema wazi: majaribio mengi yamefanywa kwa nyuki wa mzinga. Wale nyuki wetu wadogo wasiouma, na wale wa udongoni, wanasemewa na ndugu yao mkubwa.

Na hapa kwetu? Tukisikia maneno ya uchunguzi wa mazingira, sisi watu wa Katanga tunafikiri mara moja mambo ya mine, vumbi na maji ya asidi. Lakini sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira, katika kifungu cha 21, inataka uchunguzi wa kwanza kwa kila mradi wenye kuweza kuyagusa, na inataja kilimo kwa jina. Tangu mwaka 2014 kuko hata ofisi ya Leta ya kuzisoma chunguzi hizo. Lakini kampuni yenye shamba kubwa inaweza kuletwa mbele ya sheria ile. Ile chupa ndogo ya sokoni, yenye kujazwa kutoka kopo kubwa, bila karatasi na bila jina, nani ataiuliza?

Hasara yake si ya kufikirika. Wataalamu wa dunia nzima waliokutana mwaka 2016 walihesabu kwamba katika kila aina mia za mazao ya chakula, karibu 75 zinahitaji wadudu au wanyama wa kubeba unga wa maua, zingine kidogo, zingine kabisa. Mahindi hayawahitaji, upepo unatosha. Lakini nyuki wanakuja kuchukua unga wa mahindi, na ndani ya mahindi yale yale mama zetu wamepanda maboga. Boga liko na ua la kiume na ua la kike, na unga wake ni mzito, unanata, upepo hauwezi kuubeba. Ua linafunguka alfajiri na kufunga mbele ya saa sita za mchana. Mtu mwenye kumwaga dawa asubuhi kwa sababu jua halijakuwa kali, anakutana na nyuki saa ile ile ya kazi yao. Kisha kiboga kidogo kinakuwa cha njano, kinaanguka, na tunasema ni udongo umechoka. Ongezeeni miti ya pori yenye kugeuka makala kila siku, na maua yake ambayo nyuki waliyategemea, mtaelewa kwamba wadudu hawa hawana akiba kubwa.

Kwa bustani ya masomo, sisi wa darasa la mwisho tumepatana na mwalimu wa biolojia hivi. Dawa haitamwagwa tena asubuhi wakati maboga yana maua. Itamwagwa jioni, na ile tu yenye karatasi inayosomeka. Kila siku ya kwanza na ya ine ya juma, mbele ya masomo kuanza, wanafunzi wawili watasimama dakika 10 karibu na maua 20 ya maboga na kuhesabu wadudu wenye kuingia, mbele ya dawa na baada yake. Daftari liko katika sanduku la labo. Majina ya wenye kutaka kuhesabu yaletwe kwa maprefe wa kila darasa mbele ya siku ya tano. Wa darasa la kwanza pia wanaruhusiwa, mradi wajue kutofautisha nyuki na nzi.